Mchungaji Akila Kondoo, Nani Alipe?

Muhula uliopita chama chetu cha Kiswahili kilifanya mdahalo hapa Lodwar: je, shirika la dini lishtakiwe kiongozi wake akimdhulumu mtoto? Upande wangu, uliosema ndiyo, ulishindwa kwa kura. Hata hivyo jambo lenyewe halikunitoka moyoni.

Sababu ni hii. Nyumbani Kakuma nilikuwa na rafiki tuliyeimba naye kwaya. Siku moja akaacha kuja. Baadaye alinieleza alilotendewa na mhubiri wetu. Wazee walikaa chini ya mti, mbuzi wakatolewa, na mhubiri akahamishiwa kituo kingine. Rafiki yangu hakurudi kwaya wala shule. Na kule alikopelekwa yule mtu, nani aliwaonya watoto?

Tufahamu kwanza kwamba mahakamani kuna njia mbili. Ya kwanza ni kesi ya jinai, ambayo humwadhibu mtendaji mwenyewe. Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya mwaka 2006 yasema anayemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini hufungwa maisha; wa miaka 12 hadi 15, kifungo si chini ya miaka 20; wa miaka 16 au 17, si chini ya miaka 15. Kanzu haipunguzi hata siku moja. Tena, kwa kifungu cha 40, uamuzi wa kuiacha kesi ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Basi mbuzi, hata wawe mia, hawafuti kesi.

Njia ya pili ni kesi ya madai, na hapa ndipo penye ubishi. Hebu fikiria: mjomba wangu amempa kijana mbuzi achunge, nao wakala mtama wa mtu kando ya mto Turkwel. Mwenye shamba atamwendea nani? Kijana hana kitu. Atamwendea mjomba, kwa kuwa ndiye aliyempa fimbo na mifugo. Sheria nayo hufikiri vivyo hivyo kuhusu mwajiri na mtumishi wake.

Mfano upo. Mei 2015, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kesi ya wasichana wawili waliodhulumiwa na mwalimu wao. Alisema mwalimu huyo, pamoja na Tume ya Huduma ya Walimu na serikali, wote wawajibike. Wasichana wakapewa fidia ya jumla ya shilingi milioni 5.

Wenzangu walipinga wakisema padri hana barua ya kuajiriwa, bwana wake ni Mungu. Hata majaji wakubwa hawajakubaliana kuhusu hilo. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilisema uhusiano unaofanana na ajira unatosha, ikaliwajibisha shirika la mabradha. Mwaka 2024 Mahakama Kuu ya Australia ikasema la, lazima iwe ajira kamili.

Mimi naona Waingereza wamesema kweli. Tangu njaa ya mwaka 1961, wamisionari wametufaa sana Turkana: chakula, shule, zahanati, visima. Hatuwezi kusahau. Lakini ni kwa wema huo mzazi humwachia mhubiri mtoto wake bila kuuliza swali. Imani hiyo ni ya shirika, mtu mmoja huiazima tu. Shirika lililompa imani hiyo, likasikia malalamiko, kisha likamhamisha kimyakimya, litakwepaje?

Wengine walisema dini ijihukumu yenyewe. Katiba ya 2010 yalinda uhuru wa kuabudu, ni kweli, lakini kifungu cha 53 chamlinda kila mtoto dhidi ya dhuluma. Kuabudu ni kitu kimoja na kuficha kosa ni kingine. Kumzuia mtu asiongoze ibada si hukumu ya mahakama, wala hakumlipii mtoto karo.

Hoja moja yao ilinigusa: mtu aweza kusingiziwa. Mwaka 2011 televisheni ya RTE ya Ireland ilimtuhumu padri Kevin Reynolds, aliyewahi kutumika Kenya, kuwa alimbaka msichana na kuzaa naye. Vipimo vya DNA vikaonyesha si baba wa mtoto huyo. RTE ikamwomba radhi na kumlipa fidia. Lakini jamani, hilo nalo ladai mahakama! Chini ya mti hakuna vipimo, wala asiye na hatia hasafishwi jina.

Ndugu msomaji, ukiona au ukiambiwa jambo la namna hii, piga simu 116. Ni nambari ya watoto na haina malipo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa rafiki yangu ufa haukuzibwa, nami nilikuwa miongoni mwa walionyamaza. Sinyamazi tena.