"Sista, Mpe Tu Uji Kidogo"

Ombi lile lilikuwa dogo kuliko yote niliyoyapokea asubuhi ile. Kijana mmoja alisimama mlangoni mwa wodi ya upasuaji ya wanaume, chupa ya chai mkononi, akaniambia: "Sista, mzee hajala tangu jana jioni. Mpe tu uji kidogo." Tulikuwa wauguzi wawili kwa wagonjwa 28. Nikamjibu bila kuinua macho kutoka katika faili nililokuwa nikiliandika: "Hairuhusiwi, anakwenda upasuaji." Nikaendelea na kazi yangu.

Mzee alinyweshwa uji ule nyuma ya pazia. Mtaalamu wa usingizi alipomwuliza kama amekula chochote, alikana, kwa kuwa hakutaka mwanawe alaumiwe. Alipokwisha kulazwa usingizi, uji ulipanda kutoka tumboni ukaingia katika njia ya hewa. Alikaa siku tano katika chumba cha wagonjwa mahututi. Alipona, akarudi kwake. Mimi nilibaki na lile neno langu, "hairuhusiwi", ambalo lilikuwa sahihi na halikumsaidia mtu yeyote.

Wauguzi wanapokutana chumba cha chai husimuliana maombi ya ajabu, na wala hayaishi. Yuko anayetaka kuchomoa mashine ya oksijeni ya jirani ili achaji simu. Yuko anayetaka aandikiwe cheti cha mapumziko kwa siku zilizokwisha kupita. Yuko anayefika saa nane usiku akitaka kumwona shangazi yake, na anayetaka mgonjwa wa kitanda cha pili ahamishwe kwa sababu anakoroma. Mwenzangu wa kiume huitwa "daktari" tangu anapoingia wodini, na sijapata kusikia akitumwa chumvi. Mimi sista hutumwa. Maombi ya namna hiyo huchosha, lakini hayana madhara makubwa. Ninayotaka kuyazungumza hapa ni yale ambayo mwombaji hana nia mbaya hata kidogo, ila akikubaliwa mgonjwa anaweza kupoteza maisha.

Tuanze na ule uji. Mtu akilazwa usingizi wa upasuaji, misuli inayofunga mlango wa tumbo na ile inayolinda koo hulegea. Kilichomo tumboni huweza kurudi juu na kuteremkia mapafuni bila yeye kukohoa. Ndiyo maana mtu mzima hukatazwa chakula kwa muda wa saa sita kabla ya usingizi, na uji ni chakula hata ukiwa mwepesi kiasi gani. Maji matupu, au chai ya rangi isiyotiwa maziwa, kwa kawaida huruhusiwa hadi saa mbili kabla, isipokuwa kwa wagonjwa ambao daktari ameagiza vingine. Sasa tazama nilichokosea. Mzee yule aliambiwa afunge tangu jioni, na zamu yake ya upasuaji ilikuwa imesogezwa hadi alasiri bila mtu kuwaarifu. Kijana hakuwa akibishana na kanuni. Alikuwa akiuliza: baba yangu atakaa hivi mpaka lini? Ningepiga simu moja chumba cha upasuaji, pengine ningempa mzee kikombe cha maji kwa mkono wangu mwenyewe.

Ombi la pili linajulikana katika kila kituo cha afya: "Sista, mwekee hata dripu moja ya nguvu." Chupa ya nusu lita ya maji yenye sukari ya asilimia 5 ina gramu 25 za sukari. Chupa ya kawaida ya soda huwa na zaidi ya hapo. Kwa mtu anayeweza kumeza, uji wa lishe humpa nguvu ambazo chupa ile haina, na haumtoboi mshipa wala kufungulia vijidudu njia. Kwa mgonjwa ambaye moyo au figo zake zimechoka, maji hayo huweza kujaa mapafuni akaanza kuhangaika kupumua. Nimekwisha kulieleza hili mara nyingi, tena kwa hesabu, na mara nyingi hesabu hazikutosha. Ndugu wa mgonjwa amesafiri usiku kucha, amelipa nauli, na anamkuta mtu wake amelala bila chochote kinachoning'inia juu ya kitanda. Machoni pake, hajatibiwa. Siku hizi humwonyesha kadi ya dawa, nikamsomea ameshapewa nini na saa ngapi, na atapewa nini usiku. Wengi hawaitaji dripu tena baada ya hapo.

Wodi ya wazazi ni habari nyingine. Huko mwombaji mara nyingi ni mama mkwe, naye huja na heshima zake zote: "Mwanangu, huyu anachelewa. Mchome ile sindano ya uchungu tumalize." Wakati mwingine noti iliyokunjwa hufuatana na maneno hayo, na hiyo hurudishwa palepale. Dawa ya kuongeza uchungu ni njema inapotolewa kwa kipimo, kwa sababu maalumu, na mapigo ya moyo ya mtoto yakifuatiliwa. Ikizidi, mfuko wa uzazi hukaza bila kupumzika, mtoto akakosa hewa, na mfuko wenyewe huweza kupasuka. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2018 kwamba mlango wa uzazi kufunguka chini ya sentimita moja kwa saa, peke yake, si sababu ya kuharakisha uzazi iwapo mama na mtoto wako salama. Kwa hiyo kusubiri nako ni tiba, ingawa kwa anayesubiri nje ya mlango kunafanana sana na uzembe.

Baadhi ya familia hazisubiri, huleta dawa ya miti ndani ya chupa ya chai. Nawaambia wanafunzi wangu: mwulize mama amekunywa nini, na uulize kwa sauti ileile unayoulizia jina lake. Ukimkaripia wa kwanza, wa kitanda cha tatu atakuwa amesikia, naye atakuficha kama nilivyofichwa uji.

Mwanamume anayetaka kuambiwa majibu ya kipimo cha UKIMWI cha mkewe, au mke cha mumewe, hujibiwa kwa ufupi. Majibu ni siri ya aliyepimwa. Ninachoweza kumpa ni nafasi ya wote wawili kuketi na mshauri, wakikubali.

Nisieleweke vibaya. Yapo madai yasiyoficha swali lolote. Anayemshika muuguzi maungoni, anayemtukana, anayekataa kuhudumiwa na mtu wa kabila fulani, hahitaji kudadisiwa undani wake. Aambiwe hapana, aitwe mwenzako wa pili, apewe taarifa mfawidhi wa zamu, na iandikwe. Sikubaliani na wanaofundisha kwamba subira ya muuguzi haina mpaka.

Ombi lililonisumbua kuliko yote lilitoka kwa watoto watatu wa mzee mmoja aliyekuwa na saratani ya umio. Waliniita pembeni, karibu na sinki la kunawia. "Tafadhali, asijue. Akijua atakata tamaa. Mwambieni ni vidonda vya tumbo." Niliwajibu kwamba sitamwendea kumwambia, kwa kuwa si kazi yangu kutangulia mbele ya daktari, lakini akiniuliza sitamdanganya. Mkubwa wao hakunisalimia kwa siku mbili.

Mwaka 1965 wanasosholojia wa Marekani Barney Glaser na Anselm Strauss walieleza hali ambayo mgonjwa anajua, watu wake wanajua, na kila upande unajifanya haujui. Niliisoma chuoni kama habari ya mbali. Usiku wa nne mzee alinigusa mkono nilipokuwa nikimlowesha midomo. "Mwanangu, huu ugonjwa ulimwondoa jirani yangu. Naujua. Nina ombi moja." Nikavuta kiti. "Usiwaambie watoto kwamba najua."

Nilimwuliza kama angeniruhusu nimwombe daktari aje Jumamosi, saa ya kutazama wagonjwa, watoto wote watatu wakiwapo. Alinyamaza kwa muda mrefu hata nikadhani amesinzia. Kisha akasema niwaite, ila yule binti mdogo apewe kiti karibu na mlango, kwa sababu yeye hulia kwa sauti na wagonjwa wengine watakuwa wamelala.