Ufundi haulipiwi ushuru mpakani

SIKU moja ya soko hapa Mpondwe, mama mmoja mfanyabiashara kutoka Kasindi aliushika upawa wangu, akaugeuza mara mbili. "Mwalimu, hii ni kitu gani? Ni kibuyu?" Nilimjibu kuwa ni kifuu cha nazi, na ndicho kitu pekee kilichobaki katika mzigo niliorudi nao kutoka uhamishoni.

Nilisoma pwani ya Kenya, ambako wazazi wangu walikimbilia miaka ya 1980. Huko nazi haina cha kutupwa. Kifuu hukwanguliwa kwa kisu, kikatobolewa matundu mawili na kutiwa mpini wa mti, kikawa upawa wa kupakulia mchuzi. Kikubwa huwa kata ya kuchotea maji mtungini. Makumbi, yaani maganda ya nje, hufukiwa kwenye matope ya ufukweni kwa miezi kadhaa hadi yalainike. Kisha akina mama huyafukua, huyaponda kwa rungu na kuyaanika. Nyuzi zinazobaki, ambazo huitwa usumba, husokotwa kamba. Kwa kamba za namna hiyo mafundi wa visiwa vya Lamu walishona mitepe, vyombo vya tanga visivyopigwa msumari.

Niliporudi Bwera kufundisha, nilitaka wanafunzi wangu waijue kazi hiyo. Nikawaagiza wachuuzi waniletee nazi. Nilishindwa mara mbili. Kwanza, nazi za kusafirishwa bara hufuliwa kwanza ili mzigo upungue, na makumbi hubaki pwani. Pili, kwa bei niliyolipa, upawa mmoja ulinigharimu kuliko miiko mitatu ya dukani.

Mwanafunzi mmoja ndiye aliyenizindua. "Mwalimu, mbona nyumbani tuna migomba?"

Kweli. Maganda ya mgomba yakikauka hutoa kamba nzuri, na kibuyu kikipasuliwa ni kata tosha. Akina mama wa Kikonzo nao husuka vikapu kwa mabua ya ulezi na rafia. Nilikuwa nikitafuta mbali, huku mali ikioza nyuma ya nyumba.

Ndugu zangu tuliorudi, wengi wetu tuliacha mashamba na mabati ng'ambo. Ufundi ndiyo mali tuliyovuka nayo bila kukaguliwa wala kutozwa. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na soko la pande mbili za mto Lhubiriha linatutazama. Lakini tusiulete ufundi wa ugenini kama ulivyo. Kwanza tujiulize: hapa kwetu tunatupa nini?

Yule mama alitaka kuununua upawa. Nilimkatalia, nikamuuzia kamba ya mgomba iliyosokotwa na watoto, afungie mizigo yake. Siku ya soko iliyofuata alirudi kuchukua nyingine tano.