Samaki Anayekubalika, lakini na Nani?

Katika biashara ya samaki jijini Mwanza hakuna sifa inayotajwa kwa uzito kama kukubalika. Samaki huyu anakubalika sokoni, urefu wa yule haukubaliki kisheria, ubora wa mwingine unakubalika Ulaya. Aliyekubali au kukataa hatajwi. Husemwa kana kwamba kukubalika kumo ndani ya samaki mwenyewe, pamoja na mafuta na mifupa yake. Historia ya sangara wa Ziwa Victoria inakanusha hilo. Samaki huyo, kwa nyama ileile, amekataliwa na kupokewa mara kadhaa katika umri wa mtu mmoja, na mara nyingi kilichobadilika ni mwenye kauli tu.

Sangara si mwenyeji wa ziwa hili. Alipandikizwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, upande wa Uganda na Kenya, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 alikuwa ametapakaa katika Ghuba ya Mwanza. Walaji waliozoea sato, ningu na furu hawakumfurahia. Mafuta yake yalimfanya asikauke vizuri juani kama furu, ikabidi abanikwe kwa moshi au akaangwe, na hapo kuni zikateketea. Juu ya hayo aliwala furu, waliokuwa na spishi mamia, hata nyingi kati yake hazikuonekana tena. Waliomkataa walikuwa na hoja zao, tena hoja za jikoni na za nyavuni. Polepole wakajifunza kumpika. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1990, viwanda vya minofu vikaongezeka Mwanza, mnofu ukapata soko Ulaya, na mlaji aliyekwisha kumzoea sangara akakuta bei imempita.

Atakayepinga atasema kwamba soko la Ulaya halikuamua kwa mazoea wala kwa ulimi; liliamua kwa sayansi ya afya, na sayansi haina upande. Hoja hiyo ina nguvu, ila inaangukia kwenye tarehe. Mwishoni mwa mwaka 1997, kipindupindu kilipoenea Afrika Mashariki, Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wabichi kutoka nchi zetu. Mwanzoni mwa 1998 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba zuio la namna hiyo halikuwa na msingi wa kutosha, kwa kuwa ni nadra sana vyakula vya biashara ya kimataifa kueneza ugonjwa huo. Zuio halikuondoka hadi katikati ya mwaka. Mwaka 1999 likaja jingine, safari hii kwa sababu ya uvuvi wa sumu, na hapo sitabishana: samaki aliyevuliwa kwa sumu hafai kuliwa Ulaya wala Igombe, Mwanza. Matukio hayo mawili yalitumia neno lilelile, hakubaliki, ingawa la kwanza lilikuwa woga wa mnunuzi na la pili hatari ya kweli. Mvuvi aliyeambiwa tu kwamba samaki wake amekataliwa angewezaje kuyatofautisha?

Ni kweli pia kwamba masharti yaliacha faida. Maabara ya ubora wa samaki ya Nyegezi, mialo yenye sakafu, barafu na maji safi, yote yalisukumwa mbele na haja ya kuuza nje. Lakini faida hiyo ilimfuata mnofu. Kilichobaki kiwandani, kichwa na mifupa yenye nyama kidogo, ndiyo mapanki, na hayo yalikwenda kwa wasioweza kununua mnofu. Filamu ya Hubert Sauper ya mwaka 2004, Darwin's Nightmare, iliyapeleka mapanki kwenye kumbi za sinema za ughaibuni, watazamaji wakashtuka. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete akaishutumu hadharani. Katika mabishano hayo karibu kila upande ulisema chakula hicho kinafaa au hakifai kwa niaba ya mlaji. Kichwa cha sangara, kwa anayejua kukipika, hutoa mchuzi mzito. Aibu ilikuwa kwamba wengi hawakuwa na kingine cha kuchagua. Na mabondo, yaani vibofu vya hewa vya sangara, je? Zamani yalihesabiwa kuwa uchafu wa tumboni. Leo, kwa sababu ya wanunuzi wa China na Hong Kong, bei ya kilo moja inashinda kwa mbali ile ya kilo ya mnofu.

Hesabu hiyohiyo sasa imefika kwa dagaa. Kwenye soko la Mwaloni, Kirumba, dagaa walioanikwa juu ya vichanja hupata bei ya chakula cha binadamu, na wengi wa walioanikwa mchangani huishia kwenye chakula cha kuku. Lakini fungu lenye mchanga bado lina wateja wanaolipepeta, wakalisuuza mara kadhaa na kulipika, kwa kuwa ndilo linalolingana na pesa waliyo nayo. Ofisa akiandika kwamba dagaa hao hawakubaliki, huenda yuko sahihi kabisa kuhusu usafi. Aandike basi, katika waraka huohuo, nani atamnunulia mwanikaji mbao na nyavu za kichanja, na mnunuzi wa fungu la bei ndogo atakula nini wakati vichanja vinasubiriwa.