Vitabu vya pombe za kienyeji: vipo, na vingine unaweza kuvisoma bure kwenye simu yako

Ukitaka kujua mbege inavyopikwa, huhitaji kitabu. Nenda Kibosho au Marangu, mkoani Kilimanjaro, umuulize mama wa makamo. Atakueleza kwamba ndizi mbivu zinachemshwa, zinaachwa siku kadhaa, zinachujwa, kisha linaongezwa togwa la kimea cha ulezi. Magome ya msesewe ndiyo yanayotia uchungu.

Lakini muulize kwa nini ulezi lazima uchipue kwanza. Wengi watakujibu kwamba ndivyo walivyowakuta wazee wakifanya.

Jibu la swali hilo limo vitabuni. Mbegu inapochipua hutengeneza vimeng'enya, ambavyo kazi yake ni kugeuza wanga kuwa sukari. Hamira huila sukari hiyo na kutoa kileo pamoja na hewa, ndiyo maana pombe inatoa mapovu. Tangu tulipozungumzia pombe za asili hewani, wasikilizaji kadhaa wameuliza vitabu vya namna hii vinapatikana wapi. Haya hapa maelezo.

Vitabu gani vipo?

Cha kwanza ni cha historia. Mwaka 2002 Justin Willis, mwanahistoria wa Uingereza, alitoa kitabu kiitwacho Potent Brews. Kinaeleza historia ya pombe Afrika Mashariki kuanzia mwaka 1850 hadi 1999: nani alipika, nani aliruhusiwa kunywa, na jinsi serikali za kikoloni na zilizofuata zilivyojaribu kuidhibiti pombe kwa leseni na kodi.

Vya pili ni vya ufundi, na ndivyo vinavyomfaa zaidi mpishi. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilitoa viwili: Fermented Fruits and Vegetables mwaka 1998, na Fermented Cereals mwaka 1999. Cha matunda kinaeleza pombe ya ndizi, pombe ya mnazi, na hata ulanzi, ule unaogemwa kwenye mianzi kule Iringa. Cha nafaka kinahusu vyakula na vinywaji vinavyochachushwa kutokana na mahindi, mtama, ulezi na nafaka nyingine. Vyote viwili viko kwenye tovuti ya FAO na hulipii chochote.

Vya tatu ni vya Wamarekani wanaopika bia nyumbani. Hivi ni vingi, na kuna sababu. Sheria ya shirikisho ya Marekani haikumruhusu mtu kujipikia bia nyumbani mpaka Rais Jimmy Carter aliposaini mabadiliko mwaka 1978. Baada ya hapo waandishi walijitokeza. Charlie Papazian alitoa The Complete Joy of Homebrewing mwaka 1984, na John Palmer akaweka How to Brew kwenye intaneti mwaka 2000. Toleo hilo la kwanza la Palmer bado linasomwa bure. Wao wanatumia shayiri, sisi ulezi na mtama, lakini sura zake za usafi wa vyombo, hamira na joto zinamfaa mpishi wa popote.

Faida yake ni nini?

Mwezi Januari 2015, katika mji mdogo wa Chitima, mkoa wa Tete nchini Msumbiji, watu walikunywa pombe ya kienyeji msibani. Zaidi ya watu 230 waliugua na 75 walifariki. Mama aliyeipika pombe hiyo naye alifariki. Uvumi wa kwanza ulisema pombe ilitiwa nyongo ya mamba.

Uchunguzi wa maabara ulionyesha jambo lingine. Pombe ilipikwa kwa unga wa mahindi ulioharibika. Ndani ya unga huo bakteria walikuwa wametengeneza sumu kali, ambayo haifi kwa kuchemshwa. Hapakuwa na nyongo wala mchawi.

Msikilizaji, tafakari hapo. Ni nyumba ngapi ambazo mahindi yakiota ukungu husemwa, "Haya hayafai ugali, tupikie pombe"? Sumukuvu, ile inayotokana na ukungu wa mahindi na karanga, nayo haiondoki yote kwa kupika. Nafaka usiyoweza kumpa mwanao usiitie kwenye pipa la pombe. Kimea nacho kikaushwe vizuri juani, juu ya turubai safi, kabla hakijashika ukungu. Hili ni jambo ambalo mapishi ya mdomo yanaweza kuliruka, na ndipo kitabu kinapookoa maisha.

Namna ya kuvipata

Anza na simu. Kwenye kitafutaji andika jina la kitabu pamoja na neno FAO. Ukitafuta kwa jina la kinywaji, jaribu mbege, rubisi, ulanzi au busaa, maana watafiti huyatumia majina hayohayo hata wanapoandika Kiingereza. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, huweka tasnifu za wanafunzi wake kwenye intaneti, nazo ni hazina.

Faili la kitabu hula bando, hivyo lipakue mara moja ukiwa mjini penye Wi-Fi. Lihifadhi kwenye memori kadi, ulisome baadaye bila mtandao. Tengeneza folda moja na uandike jina la kitabu na mwaka, la sivyo baada ya mwezi hutajua lipi ni lipi. Vitabu vya bure mtumie na jirani. Vile vinavyouzwa, kama cha Papazian, visinakiliwe bila ruhusa.

Ukifika mjini, ingia maktaba ya mkoa. Aliye Dar es Salaam anaweza kuulizia Chuo Kikuu, kwenye kitengo cha vitabu vya Afrika Mashariki, au kupita kwa wauza vitabu vya mitumba pale Posta.

Tatizo kubwa ni lugha: karibu vyote ni vya Kiingereza. Mwombe kijana aliyefika sekondari asome kwa sauti, nawe mpishi umweleze kinachofanana na unachofanya jikoni. Mtashangaa jinsi mnavyofundishana.

Halafu kuna kitabu ambacho hakipo dukani. Nunua daftari, ukae na bibi au shangazi anayepika, uandike vipimo vyake: debe ngapi za ndizi, sadolini ngapi za ulezi, siku ngapi, pipa la aina gani. Andika tarehe na jina la kijiji. Maarifa hayo yamo kichwani mwake tu, na akiondoka yanaondoka naye.

Kumbuka pia sheria. Hapa Tanzania kuuza pombe ya kienyeji kunahitaji leseni, na kupika gongo bila kibali ni kosa. Vitabu tulivyovitaja ni vya pombe ya kuchachusha. Usivitumie kujifunza kutonesha gongo nyumbani.