Mkristo na Jirani Zake katika Nchi ya Rufiji

Leo nataka kueleza jambo lionekanalo dogo machoni pa wengi, lakini kwa yule alikabiliye kila siku si dogo: jinsi Mkristo anavyoishi imani yake mahali ambapo jirani zake karibu wote ni watu wa dini nyingine. Mfano wangu ni nchi ya Rufiji, tangu Kibiti penye barabara kuu iendayo Kilwa, hata visiwa vya delta, ambako mto ule mkubwa hugawanyika matawi mengi kati ya mikoko na kuingia baharini mkabala wa Mafia.

Wenyeji wa nchi hiyo, Wandengereko na Warufiji, kwa sehemu kubwa ni Waislamu tangu zamani. Wakristo wako, lakini ni wachache, na wengi wao wametoka mbali: mwalimu aliyepangiwa shule ya kijiji, mwuguzi wa zahanati, askari, fundi, mnunuzi wa samaki. Mtu wa namna hiyo mara nyingi hana kengele ya kumwamsha Jumapili. Saa yake ni adhana. Wala hana kundi kubwa la ndugu wa kumwangalia kama anakwenda vyema au vibaya. Wanaomwangalia ni jirani, nao humwangalia sana, kwa kuwa pengine ndiye Mkristo pekee wanayemjua kwa karibu. Akipunja kipimo cha unga watasema, Hivi ndivyo walivyo watu wale. Hukumu hiyo si ya haki, lakini mgeni hawezi kuikimbia.

Tuanze na chakula, maana hapo ndipo watu huumizana pasipo kukusudia. Kwa desturi ya miaka mingi katika Tanzania, mnyama wa kuuzwa buchani au wa karamu ya watu wote huchinjwa na Mwislamu, ili kila mtu apate kula bila shaka moyoni. Wako Wakristo walioinung'unikia desturi hiyo, wakiuliza kwa nini kisu kiwe cha upande mmoja. Mwezi wa Februari mwaka 2013, huko Buseresere katika mkoa wa Geita, ugomvi juu ya jambo hilo ulikua hata watu wakapigana, na mchungaji mmoja akauawa. Basi msidhani kwamba nazungumza habari za jikoni tu.

Mtume Paulo aliulizwa swali lililo karibu na hilo na Wakristo wa Korintho. Mji ule ulikuwa na nyama nyingi zilizotolewa kwanza kwa sanamu, kisha zikauzwa sokoni, na waumini walibishana kama ni halali kuzila. Jibu lake lina sehemu mbili, na watu hupenda kushika moja na kuiacha ya pili. Kwanza alisema kwamba chakula chenyewe hakimsogezi mtu karibu na Mungu wala hakimweki mbali naye. Tena mtu akialikwa na asiyeamini, na ale kilichowekwa mbele yake. Lakini pili alisema kwamba yeye angekuwa radhi kuacha nyama kabisa kuliko kumkwaza mwenziwe. Ni kweli kwamba hapo alikuwa akimfikiria hasa ndugu wa imani ile ile, aliye dhaifu. Hata hivyo baadaye katika waraka huo huo anawaonya wasiwe kikwazo kwa Wayahudi wala kwa Wayunani, yaani kwa walio nje ya kanisa pia. Kwa hiyo Mkristo wa Kibiti anayemwita jirani Mwislamu amchinjie mbuzi wa arusi hakuikana imani yake hata chembe. Ametaka jirani zake wote waketi.

Sasa liko jambo gumu zaidi, nalo ni nguruwe. Kila mkulima wa bonde la Rufiji amjua adui huyu. Usiku huingia shambani na kufukua mahindi, na asubuhi mwenye shamba hukuta kazi ya miezi imelala chini. Akitokea Mkristo mwenye mbwa na mkuki akamwua, kijiji kizima hufurahi. Lakini nyama je? Kwake yeye si haramu. Kwa jirani ni najisi, hata moshi wake huchukiza. Twaona basi kwamba haki ya mtu na adabu ya mtu si kitu kimoja. Anayo haki ya kula. Lakini akiichoma nyama hiyo penye upepo uelekeao ua wa jirani, au akiipika katika sufuria aliyoazima, amefanya kosa, wala hawezi kujitetea kwa kusema kwamba Injili imemweka huru. Na aipeleke mbali, awe na kisu chake na chungu chake, na mikono aioshe kabla ya kushika ndoo ya kisimani. Nimesikia watu wakisema kwamba kufanya hivyo ni kuionea haya dini. Mimi sioni hivyo. Mtu ahifadhiye chungu cha mwenziwe hajaona haya, amemheshimu.

Juu ya Jumapili nitasema machache. Mpunga ukianza kubeba, jamaa za Rufiji huhamia mashambani na kukaa katika madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, ili waamie ndege na kulinda mazao dhidi ya nguruwe na viboko. Ndege hawajui Jumapili. Mkristo aliyeacha shamba lake tangu alfajiri ili aende ibada, labda mwendo wa saa nyingi au kwa mtumbwi, atarudi akute masuke matupu. Tena ndege wakishiba kwake huhamia kwa jirani. Yesu mwenyewe aliwatetea wanafunzi wake walipovunja masuke siku ya Sabato kwa sababu ya njaa. Basi aombe pale pale juu ya dungu, kombeo mkononi, na watoto wake karibu naye. Bali akiwa yuko mjini na hana shamba, udhuru huo si wake.

Nakuja kwenye jambo zito. Katika miaka ya 2016 na 2017 nchi hii ya Kibiti na Rufiji ilipatwa na hofu kubwa. Viongozi wa vijiji waliuawa, na askari pia. Tarehe 13 Aprili 2017 askari polisi wanane waliuawa kwa risasi huko Kibiti. Ilikuwa Alhamisi Kuu, siku tatu kabla ya Pasaka. Watu wengine walitoweka, jamaa zao wakabaki wakiwatafuta. Majira kama hayo ulimi huwa silaha. Mwenye kisa na jirani juu ya mpaka wa shamba aweza kulitaja jina lake kwa sauti ndogo, na usiku ule ule mtu akachukuliwa.

Amri ya kutomshuhudia jirani uongo hufundishwa watoto kana kwamba ni juu ya uongo wa kawaida, kama kuficha sukari iliyoliwa. Lakini katika Israeli ya kale amri hiyo ilihusu uhai na mauti. Torati yataka mashahidi wawili au watatu kabla ya mtu kuhukumiwa kufa, tena yaagiza mikono ya mashahidi hao iwe ya kwanza kumrushia mawe. Maana yake ni kwamba aliyesema hawezi kurudi nyumbani na kusema, Mimi nilitaja jina tu. Upande wa pili, Torati hiyo hiyo yamhesabia hatia mtu aliyeona au kujua jambo akakataa kulisema. Kwa hiyo Mkristo aliyemwona mwuaji kwa macho yake hapaswi kunyamaza, hata ikiwa ni hatari. Na yule aliyesikia tu uvumi kibarazani hapaswi kuutoa kama ushahidi. Mwalimu au mwuguzi mgeni, ambaye huaminiwa upesi na wakubwa kwa kuwa amesoma, na ajichunge mara mbili.

Kisha maji. Rufiji haiogopi mafuriko kama nchi nyingine ziogopavyo, kwa kuwa mafuriko ndiyo mbolea yake. Mto ukipanda huacha tope jipya, na maji yakishuka watu hupanda mahindi, kunde na maboga katika unyevu ule. Kilimo hicho huitwa mlau. Lakini maji yakizidi, au yakikawia kuondoka, huwa msiba. Ndivyo ilivyokuwa mwezi wa Aprili mwaka 2024. Mvua zilikuwa nyingi mno, na bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa Desemba 2022, likafunguliwa milango yake ili kupunguza maji. Mashamba na nyumba nyingi za Rufiji na Kibiti zikafunikwa.

Pasaka mwaka ule iliangukia tarehe 31 Machi, na Idd el Fitri tarehe 10 Aprili. Maji yalikuja kati ya sikukuu hizo mbili, Waislamu wakiwa bado wamefunga. Hebu fikirini juu ya nyumba ya Mkristo iliyo mahali pa juu, yenye unga. Aliyepokea jamaa ya jirani siku hizo hakupaswa kupika saa anayotaka yeye tu. Ilimpasa kuwasha moto kabla ya alfajiri kwa ajili ya daku, na tena magharibi kwa ajili ya futari. Kazi hiyo huchosha, hasa akina mama, nao ndio wasiotajwa kamwe habari zinapotolewa.

Baada ya maji huja swali la mbegu. Aliyepoteza ghala hana cha kupanda, na tope lenye rutuba halimngoji. Hapo ndipo wako watu wampao mwenzao gunia moja leo ili wapokee mawili wakati wa mavuno. Torati yakataza kumtoza maskini riba, na Kurani nayo yaiharamisha riba; katika jambo hili Mkristo na jirani yake hawana la kubishania. Mwenye mbegu na atoe debe moja, mbele ya watu wawili, mmoja wa kila upande, na alipwe debe moja kwa chombo kile kile, bila kukigonga ili kishibe zaidi. Mahindi ya mlau yakipandwa mwezi wa Juni hukomaa kabla ya mvua za vuli, na deni hilo laweza kwisha kabla mpunga mpya haujapandwa.