Tom Wills: Shujaa Aliyezikwa Bila Jiwe

Ndugu msomaji, huko Australia upo mchezo wa kandanda usiofanana na huu wetu. Mpira wake una umbo la yai, huchezwa kwa mikono na miguu, na kila timu huingiza wachezaji 18 uwanjani. Miongoni mwa waasisi wake ni Tom Wills.

Wills alizaliwa mwaka 1835 katika koloni la New South Wales. Baba yake, mfugaji wa kondoo, alihamia magharibi ya Victoria, katika ardhi ya Wadjabwurrung, wenyeji weusi wa huko. Mtoto huyo wa kizungu alicheza na watoto wao hata akaijua lugha yao. Alipofika umri wa miaka 14 alipelekwa kusoma katika shule ya Rugby, Uingereza, akawa nahodha wa kriketi.

Baada ya kurejea, mwezi Julai 1858 aliandika barua gazetini akiwahimiza wacheza kriketi waunde klabu ya mpira, ili miili yao isilegee wakati wa baridi. Mwezi Mei 1859, yeye na wenzake wa Melbourne waliandika sheria kumi za mchezo huo. Yeye mwenyewe aliucheza kwa miaka mingi, hasa katika klabu ya Geelong.

Mwezi Oktoba 1861 msiba ulimfika. Huko Queensland, wenyeji walivamia kambi ya familia yake, wakamwua baba yake na watu wengine 18. Tom alinusurika kwa kuwa alikuwa safarini. Walowezi nao walilipiza kisasi kwa kuua wenyeji wengi.

Je, ungemtazamia mtu huyo afanye nini? Mwaka 1866 alikubali kuwa mwalimu na nahodha wa timu ya kriketi ya wenyeji weusi wa Victoria, akaiongoza mjini Melbourne mbele ya maelfu ya watazamaji.

Hata hivyo, jinamizi la mauaji yale halikumwacha. Alitafuta faraja katika pombe, nayo ikamwangamiza. Tarehe 2 Mei 1880, akiwa amerukwa na akili, alijitoa uhai. Alikuwa na umri wa miaka 44. Kaburi lake lilikaa bila jiwe hadi mwaka 1980.

Ndugu msomaji, wachezaji tunaowashangilia nao wana majonzi yao. Tusingoje miaka mia ndipo tuwakumbuke.