Waya Unaogoma: Nunua Mita Kabla ya Bodi Nyingine

Kidhibiti-joto ulichokiunda kwa ajili ya mashine ya kutotolea mayai kinafanya kazi mchana, usiku kinazima. Ukigusa waya, kinawaka tena. Hapo wengi hukimbilia dukani kununua bodi nyingine, nayo inagoma vilevile. Mara nyingi ubovu uko kwenye maungio, na maungio hutengenezwa kwa hela ndogo.

Cha kwanza, mita ndogo ya kidijitali. Tenga kama shilingi 20,000. Ya bei ya chini inatosha, mradi ipime volti na omu. Uliza kama betri imo, maana nyingi hutumia ya volti 9 na wakati mwingine inauzwa kando. Kabla hujalipa, gusanisha ncha mbili za mita huku ukitikisa nyaya zake. Namba ikitulia chini ya omu 1, chukua. Ikirukaruka, iache, usije ukatafuta ubovu kwa kifaa kibovu.

Tena, ukipima waya, usiuamini mlio wa mita peke yake. Mita nyingi hulia hata penye omu kadhaa, na feni inayovuta ampea 1 kupitia omu 3 inapoteza volti 3 njiani. Pima volti kazi ikiendelea, ukikunja waya mmoja mmoja. Pale namba inapoanguka ndipo penye ugonjwa.

Cha pili, nyaya. Jampa, yaani nyaya fupi za kuchomeka, za pakiti zina urahisi wake: unachomeka tu. Lakini hukatikia shingoni, ndani ya plastiki, na kwa nje zinaonekana nzima. Mbadala wa bei nafuu ni waya wa mtandao wa kompyuta: kipande cha urefu wa mita moja kina nyaya 8. Taka ule wenye uzi mmoja mgumu, si nyuzi nyingi laini. Kwangua kidogo: ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, ni alumini iliyopakwa. Hukatika upesi, rudisha.

Cha tatu, bredibodi, ubao wa kuchomekea vifaa bila kulehemu. Kubwa ya matundu 830 ina mtego: katika baadhi, mstari wa umeme umekatwa katikati, na mnunuzi hudhani ni mbovu. Unganisha pande mbili kwa kipande cha waya. Usichomeke vifaa vya miguu minene; hupanua vibano, na tundu likishalegea halikazi tena. Hamia tundu jingine kabla ya kununua mpya.

Mwisho, kulehemu. Ndiyo dawa ya kudumu, ila ina mkia wa gharama: pasi ya wati 30 hadi 60, lehemu, bodi ya matundu ya kulehemea, na ncha ya akiba. Chagua lehemu yenye utomvu ndani. Dawa ya asidi ya mafundi bomba itakuliwaza leo na kula shaba kesho. Kama ni kazi moja tu, mpe fundi redio wa mtaani. Patana bei ya kazi nzima, na uliza kama lehemu imo.

Una elfu mbili tatu? Nunua waya, azima mita kwa fundi. Una elfu 25? Mita na waya. Pasi isubiri hadi saketi itulie mezani. Ila kama mayai yameshaingia kwenye mashine, usingoje: lehemu kabla ya usiku.